Mvua ni ya Mungu, Mtaro ni Wetu

Kila anayehamia Dodoma husimuliwa asili ya jina la mji huu. Tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito upande wa Kikuyu, akanasa kwenye matope, akazama. Wagogo waliomkuta wakasema "Idodomya", yaani amezama. Tunawasimulia wageni hadithi hiyo tukicheka, kisha tunatafuta kiwanja palepale maji yanapopita, tunajenga, na Januari ikifika tunaomba msaada. Mji ulitutajia jina lake tangu mwanzo, nasi hatukusikiliza.

Naandika haya kama mchungaji, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja niliokuwa nautumikia hapa katikati ya nchi, tulikamilisha kazi tuliyojivunia sana. Uwanja wa kanisa ulikuwa wa udongo mwekundu. Kiangazi ulikuwa vumbi tupu, masika ulikuwa matope, na wanakwaya walichoka kufua majoho. Tukafanya harambee mbili. Umoja wa Wanawake wakauza maandazi, vijana wakasomba mchanga, wazee wakatoa ahadi na wengi wakazitimiza. Tukatandika pevingi uwanja mzima, kuanzia langoni hadi kibarazani. Tukang'oa miarobaini miwili iliyokuwa inaharibu mpangilio. Tukazungusha ukuta, na chini ya ukuta tukaacha matundu ili maji yasituame kwetu. Mimi mwenyewe niliongoza ibada ya kuuweka wakfu uwanja ule. Hakuna aliyeuliza matundu yale yanatazama wapi.

Yalitazama kwa mama mmoja mjane, ambaye si wa kanisa letu, anayeishi na wajukuu katika nyumba ya tofali mbichi upande wa chini. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi alifika ofisini kwangu miguu ikiwa na tope hadi magotini. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba, baba Mchungaji", nikamkaribisha kiti, hakuketi. Akasema, "Baba Mchungaji, maji yenu yamelala kwangu."

Ukuta mmoja wa nyumba yake ulikuwa umeanguka. Gunia la mtama limelowa, na magodoro ya watoto pia. Nikamjibu kama tunavyozoea kujibu. Nilimpa pole, nikamwambia tutamkumbuka katika maombi, nikaongeza kwamba mvua ya mwaka huu ni kubwa na mvua ni mapenzi ya Mungu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mvua ni ya Mungu, baba. Mimi nimesema maji yenu."

Nimesoma theolojia miaka mingi. Sijawahi kusahihishwa vizuri kuliko siku ile.

Maji ya nani?

Mama yule alitofautisha mambo mawili ambayo sisi tulikuwa tumeyachanganya. Mvua inaposhuka, Bwana wetu anatufundisha katika Mathayo 5:45, Baba huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini mvua ikishagusa bati langu, ikashuka kwenye saruji yangu, ikakusanywa na ukuta wangu na kutoka kwa nguvu kwenye tundu nililolitoboa mimi, hayo sasa ni maji yangu. Nimeyakusanya, nimeyapa mwendo, nimeyachagulia njia. Nikisema ni mapenzi ya Mungu, ninamsingizia Mungu kazi ya fundi wangu.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja wetu ulikuwa kama mita za mraba 1,000. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu kunyesha hapa kwetu katika siku moja, inauletea uwanja huo lita 40,000. Hizo ni ndoo 2,000 za lita 20. Ulipokuwa udongo wenye miti na majani, sehemu ya maji hayo ilinywewa na ardhi na sehemu ilitembea polepole. Tulipotandika pevingi, karibu yote yalitoka nje kwa mara moja, na yalitokea kwenye matundu manne. Hebu fikiria umekwenda kwa jirani yako usiku, umesimama mlangoni, ukammwagia ndoo 2,000. Hakuna mahakama wala baraza la wazee litakalokubali useme ni mapenzi ya Mungu.

Maandiko yanalijua jambo hili. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Ndugu, hiyo ni sheria ya ujenzi, na imo katika Biblia. Mungu aliyewatoa Israeli Misri kwa mkono hodari hakuona ni jambo dogo kuwaambia namna ya kumaliza paa. Kutoka 21:33-34 panasema aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, atalipa. Kutoka 22:6 panasema aliyewasha moto shambani kwake, ukavuka na kuteketeza nafaka ya mwingine, atalipa. Hakuna linaloulizwa kuhusu nia. Aliyechimba hakumchukia ng'ombe, na aliyewasha moto alitaka kusafisha shamba lake tu. Lakini kilichotoka kwake kimemfikia jirani, na hivyo ni mzigo wake.

Naye nabii Ezekieli, katika sura ya 34:18-19, anawakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yao, hata wenzao wakabaki kunywa tope. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi nikiwalenga watawala. Siku ile nililisoma nikiwa nimesimama juu ya pevingi.

Sisi Walutheri tunayo pia Katekisimo. Watoto wetu wa kipaimara wanaikariri Amri ya Tano, Usiue, na maelezo yake kwamba tusimdhuru jirani mwilini mwake bali tumsaidie. Katika Katekisimo Kubwa, Luther anakwenda mbali zaidi: amri hii inavunjwa pia na mtu aliyeweza kumkinga jirani asidhurike, akaacha. Tena katika ombi la mkate wa kila siku anahesabu, pamoja na chakula, nyumba na shamba, pia serikali njema, hali njema ya hewa na majirani wema. Tunapoomba mkate wetu wa leo, tunaomba serikali inayotenda kazi yake, na tunaomba sisi wenyewe tuwe majirani wa namna hiyo.

Mji ulioota haraka

Dodoma si mji wa mvua nyingi. Kwa kawaida tunapata kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Kwa sababu hiyo mtu anayenunua kiwanja mwezi wa nane haoni hatari yoyote. Anaona bonde pana, kavu, lenye mchanga laini, na dalali anamwambia ni tambarare nzuri. Wenyeji wanajua kwamba mchanga ule ulibebwa na maji, na kwamba maji yatarudi kuutembelea.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Ramani kuu ya mwaka 1976 ilikusudia mji wenye maeneo mengi ya wazi na ya kijani. Kwa miaka mingi mji ulikua taratibu. Kisha mwaka 2016 Serikali ikatangaza kwamba sasa inahamia kweli. Mwaka 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake yakapelekwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika manispaa. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Kwa miaka kumi tumekaribia kuwa mara mbili.

Watu hao wote wana mabati, wana vibaraza, wana kuta. Vilima vinavyouzunguka mji, kama Mlimwa na Ntyuka, vina mawe na udongo mwembamba. Maji yake yameshuka kwa kasi tangu zamani. Sasa kila mwaka tunawaongezea wakazi wa chini paa jingine na uwanja mwingine wa saruji. Maeneo tambarare kama Nkuhungu yanajua maana yake. Aliye juu analala salama. Aliye chini anapanga matofali ya kuinulia kitanda.

Je, hakuna sheria? Zipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya hatari, ikiwemo ya kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji wa ardhi upate kibali. Na tangu mwaka 1982 halmashauri za miji zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zao. Lakini katika sharika nilizotumikia nimeshika mafaili ya ujenzi wa kanisa, wa nyumba ya mchungaji na wa shule ya awali. Nimeulizwa habari za hati, za choo, za umbali kutoka barabarani, na za ada zilizolipwa na zisizolipwa. Sijawahi hata mara moja kuulizwa: maji ya mvua ya kiwanja hiki yataishia kwa nani?

Swali hilo moja ndilo ninalolipigania katika makala hii. Naamini mamlaka inayotoa kibali cha ujenzi ina wajibu mbele za Mungu kuliuliza, na mwenye kiwanja ana wajibu mbele za Mungu kulijibu kabla ya kuinua jiwe la kwanza. Pale ambapo sharti hili limeshaandikwa, lisimamiwe. Pale ambapo halijaandikwa, liandikwe. Na kanisa, badala ya kuliona ni usumbufu, liwe la kwanza kulidai.

Visingizio vyetu

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu mengine nimeyatoa mwenyewe.

La kwanza ni kwamba maafa ni ya Mungu. Hapa tuwe waangalifu. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaikumba Katesh, jirani zetu wa Manyara, na watu zaidi ya 80 wakafa. Asithubutu mtu kusimama madhabahuni na kusema wale walikuwa wakosaji kuliko sisi. Yesu alikwisha kulijibu hilo aliposema habari za waliouawa na mnara wa Siloamu, katika Luka 13:4. Lakini angalieni alivyoendelea: aliwageukia walio hai akawaambia watubu. Siri za mlima tumwachie Mungu. Tundu la ukuta wangu haliwezi kuwa siri. Nililipia fundi nikamwonesha pa kutoboa.

La pili ni kwamba Serikali ijenge mitaro. Ijenge, na tunashukuru kwa iliyojengwa. Lakini mtaro wa barabara una kina chake na upana wake. Kama kila kiwanja kinautapikia kila kitu, utafurika tu, na kuupanua kila mara ni kuyapeleka maji kwa kasi zaidi kwa mtaa unaofuata. Zaidi ya hayo, ni sisi tunaoutupia chupa za plastiki, tunaouziba kwa kifusi ili gari lipite, na tunaosimamisha kibanda juu ya kalavati. Anayedai mtaro huku hataki sharti lolote kiwanjani kwake anamtaka Kaisari awe mtumishi wake wa kumfagilia uwanja.

La tatu ni kwamba mchungaji ahubiri Injili, mambo ya mitaro awaachie wataalamu. Nalijibu kwa mafundisho yetu wenyewe. Tunafundisha kwamba Mungu anatawala kwa mikono miwili, kwa neno lake kanisani na kwa sheria katika jamii. Mkono wa sheria nao ni wa Mungu. Umewekwa kumzuia mwenye nguvu asimwonee mnyonge, hata kama mwenye nguvu huyo anaimba vizuri Jumapili. Injili inaniambia nimesamehewa. Hainiambii jirani yangu aendelee kulala majini.

La nne ndilo zito, na linasemwa na watu wema: masharti haya yatawaumiza maskini. Anayejenga chumba kimoja kwa kuunga-unga atapata wapi pesa ya mchoro na ya mhandisi? Ni swali la haki, na ili tulijibu vizuri twende kidogo kaskazini, Kondoa.

Sheria kwa mbuzi, ukimya kwa saruji

Wazee wa Kondoa wanaikumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973. Vilima vya Irangi vilikuwa vimekatwa na makorongo makubwa. Maji yalishuka na udongo, yakafukia mashamba ya chini kwa mchanga. Serikali ilijenga matuta na kupanda miti, na mwaka 1979 ikachukua hatua kali: ng'ombe, mbuzi na kondoo wote waondolewe katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Watu waliumia. Mifugo ni benki, ni mahari, ni maziwa ya mtoto. Baadhi walihama na mifugo yao, wengine waliiuza kwa hasara. Lakini majani yakarudi, makorongo mengi yakatulia, na mashamba yakapata nafuu.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba katika mkoa huu sheria haiwezi kuyazuia maji yanayotoka juu yasimwangamize aliye chini. Iliwezekana. Kinachonisumbua ni kingine. Tulipata ujasiri wa kumwambia mfugaji wa Kirangi aondoe mbuzi wake kwa ajili ya jirani wa bondeni. Leo tunakosa ujasiri wa kumwambia mwenye hoteli, mwenye ghala, mwenye shule, na mwenye kanisa aache theluthi moja ya uwanja wake ipumue. Mnyonge anayejenga korongoni anapigiwa alama ya X nyekundu ukutani. Mwenye eneo kubwa juu yake, anayemletea yale maji, anapigiwa makofi siku ya uzinduzi.

Basi hofu ya kuwaumiza maskini inajibiwa hivi: masharti yaanze na sisi wenye maeneo makubwa. Makanisa, misikiti, shule, hoteli, vituo vya mafuta, ofisi. Hao wana fedha za mchoro, na hao ndio wenye maji mengi. Mwenye chumba kimoja apewe sharti jepesi, aelekezwe bure na ofisi ya mtaa: shimo lenye mawe la kupokea maji ya bati, kipande cha ardhi kisichosakafiwa, mti mmoja. Kukosa sheria hakumlindi maskini. Bila sheria, aliye juu anaamua peke yake maji yaende wapi, na maji siku zote yanamwendea yule aliyeshindwa kununua kiwanja cha juu.

Tunafukuza baraka

Kuna jambo moja linalonihuzunisha kuliko yote. Mji huu una kiu. Tunajua mgao, tunajua foleni ya madumu, tunajua bei ya maji ya mkokoteni mwezi wa kumi. Na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma imetoka kwa miaka mingi chini ya ardhi, katika visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji.

Kina cha maji katika visima vile kimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti, Watanzania wakiwa miongoni mwao, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za miaka 55. Waliona kwamba hazina ile haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Kwa miaka kadhaa hushuka tu. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa zisizo za kawaida, ardhi inakunywa, na hazina inapanda. Msimu wa El Niño wa 1997/98, ambao wengi tunaukumbuka kwa mafuriko na barabara zilizokatika, ndio uliojaza maji mengi kuliko mwingine wowote katika kumbukumbu hizo.

Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mvua ileile tunayoiita maafa ndiyo Mungu anayoitumia kutuwekea akiba chini ya miguu yetu. Anachohitaji ni ardhi iliyo wazi na mchanga unaopitisha. Mababu wa Kigogo walijua kwamba mto ukikauka, maji yako chini ya mchanga, wakachimba wakanywa. Sisi mji wetu unapanuka kuelekea Msalato na Veyula, na kila tunapofika tunaiziba ardhi kinywa kwa saruji, kisha tunafunga na kuomba mvua. Mungu akijibu maombi, tunayasukuma majibu yake barabarani kabla hayajalala usiku mmoja.

Hata bati peke yake ni kisima. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, inapokea lita 55,000 kwa mwaka. Toa robo yake kwa kupotea, bado zinabaki zaidi ya lita 40,000. Kanisa lenye paa kubwa kuliko nyumba zote za mtaa, lisilo na gata wala tanki, linawezaje kuhubiri habari za maji ya uzima?

Nawageukia ninyi

Dodoma ni mji wa watumishi wa umma. Jumapili, katika benchi moja, anaketi mhandisi, afisa ardhi, mpima, mwanasheria wa halmashauri, diwani na mtendaji wa mtaa. Nawaambia ninyi, wapendwa: wito wenu si kuzaa matunda ya roho siku ya ibada tu. Mhuri ulioko mezani kwako Jumatatu ni chombo cha Mungu cha kumlinda mjane. Ukiugonga kwenye mchoro unaoziba mkondo wa maji, kwa kuwa mwenye mchoro ni mkubwa, au ni rafiki, au amekuja na bahasha, unaivunja Amri ya Tano na ya Saba kwa pigo moja. Na ukiugonga kwenye mchoro wa kanisa bila kuukagua kwa sababu tu ni kazi ya Mungu, umemkosea Mungu na kanisa lake.

Nanyi wazee wa kanisa na kamati za ujenzi, msikubali mchoro wowote usioonesha maji yanakwenda wapi. Msinunue kiwanja cha korongoni kwa sababu ni cha bei nafuu. Msiombe mchungaji aje kuweka wakfu uwanja kabla hajapelekwa kuona matundu ya ukuta.

Tuliporudi kwenye baraza la usharika na habari za yule mama, tulibishana jioni nzima. Mzee mmoja, mtu mwadilifu, alisema, "Tukimlipa, tutakuwa tumekiri kosa." Chumba kikanyamaza. Kila Jumapili tunasimama na kukiri kwamba tumetenda dhambi kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Ilikuwa mara ya kwanza ungamo letu kutaka kutugharimu matofali. Zakayo, alipookolewa, hakuimba pambio. Alihesabu fedha alizodaiwa.

Tulilipa. Tulimjengea ukuta upya kwa tofali za kuchoma, tukarudisha mtama na magodoro. Tuling'oa theluthi moja ya pevingi zile, na wengine waliozichangia walilia, nami siwalaumu. Tukachimba mashimo ya mawe, tukapanda miarobaini, tukafunga gata na matanki mawili, na bomba moja tukalitoa nje ya ukuta, upande wake, achote yeye na majirani. Wajukuu wake walikuwa wamelala nyumba za watu kwa wiki tatu. Hizo hatukuweza kumrudishia.

Mvua za mwaka huu zitaanza tena karibu na Majilio. Nakuomba kitu kimoja. Siku ya mvua ya kwanza kubwa, chukua mwavuli, vaa viatu vya mpira, toka nje ya lango lako na ufuate maji yako. Yafuate hadi yanaposimama. Utakuta nyumba hapo. Gonga, umwamkie mwenye nyumba, na umwulize kama yamelala kwake.

Bwana atupe masikio ya kulisikia jibu lake. Amina.